Breki Zilizoliwa na Fisi

Siku mume wangu alipoleta lori nyumbani nilikuwa uani nikipepeta mchele, na nilidhani jeshi limekuja kutuhamisha. Lilisimama mbele ya mlango wetu kule Bulapesa, mtaa wa mji wa Isiolo, likinguruma na kutoa moshi mweusi, rangi ya kijani imebabuka, turubai limechanika, na nyuma ya usukani nikamwona baba watoto akitabasamu kama bwana harusi. Niliweka ungo chini. Nikamuuliza, "Hilo umeazima kwa nani?"

"Si la kuazima," akasema. "Ni letu."

"Letu? Na wale ng'ombe wetu wako wapi?"

Akaanza kukagua tairi ya mbele, ambayo haikuwa na shida yoyote. Hapo nikajua ng'ombe wamekwenda. Mtume! Nilisema maneno siku ile ambayo majirani waliyakumbuka hata watoto wangu walipokuwa wakioa. Nilimwambia mimi nilitaka nyumba ya mawe, si chuma cha vita. Nilimwambia hata wenye vita vyao wamelichoka, ndiyo maana wamelitupa mnadani. Yeye alingoja nimalize, akaomba maji ya kunywa, kisha akaomba mengine ya rejeta.

Mtu akisikia hivyo ataona alikuwa mjinga, kwa hivyo acha nieleze alikuwa nani. Babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, akapewa pahali pa kujenga vita vilipokwisha, na tangu hapo ukoo mzima ni watu wa biashara na magari. Wenzake walikuwa na maduka. Yeye alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa mjini, na alikuwa akiendesha lori la huyo tajiri kwenda Garba Tulla na Sericho tangu kabla hatujaoana. Akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, tajiri hamuulizi habari za safari, anauliza habari za tairi. Akiugua malaria, mtu mwingine anakalia kiti chake kesho yake. Jambo hilo lilimla ndani kwa ndani. Hakutaka utajiri, wallahi. Mtu yule hata shati la pili hakuona kazi yake. Alitaka aamke siku moja na asiwe dereva wa mtu. Hiyo ndiyo ndoto yote aliyokuwa nayo, na sasa ilikuwa imeegeshwa mlangoni kwangu ikivuja oili.

Na kuvuja ilivuja! Nililiwekea sufuria kuukuu chini, na kila asubuhi nikimwambia, "Njoo ukamue mnyama wako."

Lakini nitasema haki. Lile lori lilikuwa na nguvu ambazo sijaona tena. Magurudumu yote manne yalivuta, ya mbele na ya nyuma, na lilikuwa refu, tumbo lake liko juu ya mawe. Safari yake ya kwanza alinibeba na watoto mpaka Kinna kwa shangazi yake, nadhani ili ninyamaze, na tukarudi na magunia ya vitunguu na ndizi bila hata kuyumba. Mvua zilipokuja, malori mengine yalikwama kwenye laga moja, mto wa mchanga ule unaojaa mvua ikinyesha tu, upande wa Gotu, yamejipanga foleni, watu wamevua viatu wanachimba. Yeye akaweka gia ndogo, akaingia mchangani polepole, akatoka ng'ambo. Halafu akasimama, akateremka na mnyororo, akarudi kuwavuta mmoja mmoja. Mojawapo lilikuwa lori la yule tajiri wake wa zamani, na tajiri mwenyewe yumo ndani. Nilimuuliza usiku huo alimwambia nini. Akasema, "Nilimwambia asikanyage mafuta sana." Basi, hayo tu! Mimi ningetoa hotuba nzima.

Shida haikuwa njia. Shida ilikuwa sheria. Lori kuukuu la kubeba mizigo na watu lazima likaguliwe, lipate stika ya kubandika kwenye kioo, na bila stika hiyo hupiti kizuizi cha polisi hata kama unabeba maji ya kuzimia moto. Ukaguzi wetu siku hizo ulikuwa Meru, huko juu kwenye baridi. Mara ya kwanza alirudi baada ya muda mfupi sana. Kumbe raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi. Alilipaka buluu kwa mkono, kwa brashi ya ukuta, na alipomaliza, lori, ndevu zake na kuku wangu wawili walikuwa rangi moja. Taa pia hazikuwaka zote, kwa hivyo akazifungua na kutandaza waya upya kuanzia mbele mpaka nyuma, amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Wageni wakija niliwaonyesha miguu. "Msalimieni," nawaambia, "ndiye huyo." Na miguu inaitikia, "Waaleikum salaam."

Sasa, wenye malori wa Isiolo walikuwa na mtindo wao, na kila mtu aliujua. Mjini kulikuwa na tairi nzuri, taa nzuri, betri na honi ambazo hazikuwa na lori lao wenyewe. Zilikuwa za ukaguzi. Wiki hii ziko kwa huyu, anakwenda nazo Meru, anapata stika, anarudi, anazifungua na kumpelekea mwenzake, kisha anarudisha tairi zake vipara na kuondoka kwenda jangwani. Hakuna aliyeona ni wizi. Ilikuwa kama kuazimana sufuria kubwa za harusi. Walimletea na yeye, kwa roho safi kabisa, wakazishusha mlangoni. Aliwashukuru, akawapa chai, akawaambia wazichukue.

Nilipandwa na hasira. "Wewe ni nani?" nilimwuliza. "Malaika? Watu wazima wamekuletea tairi mpaka mlangoni!"

Akasema, "Nikitoka Meru nitazirudisha. Halafu watu wa Sericho watapanda juu ya tairi gani?"

Nikaenda kupika. Lakini nilianza kumtazama kwa jicho jingine tangu siku ile, ingawa sikumwambia. Alinunua tairi moja moja, akibeba mizigo kwa njia za porini zisizo na kizuizi. Kila mzigo wa sukari na majani ya chai uliofika Sericho, kila mbuzi aliyerudi nyuma ya lile lori, vyote viligeuka kuwa kitu cha kufungwa kwenye gari: tairi, kioo, waipa, springi. Nyumba yangu ya mawe nayo ilifungwa humo humo, na nililalamika kwa sauti, lakini moyoni nilikuwa nikijivuna. Nilipopita sokoni nikisikia watu wakisema, "Ngoja lile la buluu, hilo linafika," nilikuwa napunguza mwendo nisikie vizuri.

Mara ya pili alipokwenda Meru alirudi uso umemshuka. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mwembamba wa maneno machache, anavaa koti nene hata jua likiwaka, na alikuwa amechoka kuona vyuma vikuukuu vikipanda mlima kutoka kwetu. Alikuta usukani unalegea, na akakuta ile mipira inayopeleka oili ya breki kwenye magurudumu imeanza kukauka na kupasuka kwa jua. Akasema, "Mzee, lori hili limemaliza kazi yake. Ukiniletea tena likiwa na shida ya usukani au breki, nitang'oa namba. Utarudi Isiolo kwa miguu."

Kung'olewa namba ni kifo cha gari. Lingebaki pale uani kwetu, kuku watage ndani, na yeye arudi kwa tajiri kuomba kiti. Hakulisema hilo, lakini nilimwona usiku mzima akijigeuza kitandani.

Usukani aliutengeneza na makanika mmoja wa sokoni, ukakaza vizuri. Ikabaki mipira ya breki. Na hapo baba watoto, mtu makini kuliko wote niliowajua, akafanya jambo ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angeweza kulifanya. Sisi mafuta ya mkia wa kondoo ndiyo dawa ya kila kitu. Viatu vya ngozi vikikauka, unapaka. Kamba ya kisima ikikakamaa, unapaka. Mtoto akikohoa, analamba. Yeye akaona mpira umekauka, akasema kwa nini usipake? Akaingia jikoni, akachukua mafuta niliyoyaweka kwa ajili ya wageni, akalala chini ya lori na kuipaka mipira yote, akapaka na vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya tairi kuzuia matope. Alitoka ananukia kama karamu. Akasema, "Sasa italainika."

Asubuhi, baada ya kuswali alfajiri, nilisikia kimya ambacho sikukipenda. Nikatoka. Alikuwa amechuchumaa kando ya lori, na mkononi ameshika kipande cha mpira kilichotafunwa kama mua. Fisi walikuwa wamepita. Enzi hizo walikuwa wanaingia mpaka mitaani kutafuta mifupa, na siku hiyo walikuta mezani pameandaliwa. Mipira yote ya breki imekatwa, oili imemwagika mchangani, na vile vya matope vimeliwa mpaka kwenye skrubu.

Nilicheka. Jamani, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilisema, "Umewakaribisha wageni bila kuniambia nipike!" Halafu nikauona uso wake, na kicheko kikakata. Alikuwa akilia. Hakukuwa na sauti, ni machozi tu yanateremka kwenye ndevu ambazo bado zilikuwa na rangi ya buluu. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Nikachuchumaa naye. Nikamwambia, "Baba watoto, mpira ni mpira. Unanunuliwa." Akasema, "Mpira wa lori hili hauko Isiolo. Na siku ya ukaguzi nimeshapangiwa."

Tulifanya kama watu wote wa huku wanavyofanya. Nilimpelekea dereva wa basi la Nairobi kile kipande kilichobaki, kimefungwa kwenye kitambaa, nikamwomba azunguke nacho kwenye maduka ya vipuri mpaka apate ndugu yake. Yule dereva alikiangalia, akaona alama za meno, akanitazama. Nikamwambia, "Usiulize." Alirudi na mipira mipya inayotoshana kabisa, na akakataa kulipwa usumbufu. Alisema alicheka njia nzima, imetosha.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutoa upepo kwenye breki, na hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga, mmoja yuko chini anafungua na kufunga. Taniboi wake, yule kijana msaidizi wa lori, alikuwa amekwenda msibani Garba Tulla. Basi nikapanda mimi, nikakunja gauni, nikaketi kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza maishani. Kutoka chini anapiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Nami nashikilia. "Achia!" Naachia. Mwanzoni pedali ilikuwa inazama mpaka chini, laini, haina kitu. Tuliendelea mpaka jua likageuka. Mara nikaisikia inakataa. Ikawa ngumu chini ya mguu wangu, ngumu kama ardhi. Nikampigia kelele, "Imegoma!" Akatoka chini, akaikanyaga mwenyewe, kisha akarudi akaanza tena gurudumu la kwanza, kwa sababu alisema kugoma mara moja si kugoma. Ndivyo alivyokuwa. Ningemtukana, lakini siku ile niliona raha kumtii.

Siku ya ukaguzi nilimwambia nakwenda naye. Akauliza kufanya nini. Nikamwambia sitaki kuletewa habari na watu wa barabarani, na nikapanda kabla hajabisha.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa kwenye mteremko. Juu magari yanapanga foleni, upande mmoja kuna ukuta wa mawe unaofuata mteremko mpaka chini, na chini kabisa kumechorwa mstari mweupe. Mkaguzi huketi kando ya dereva, wanateremka pamoja kwa mwendo, na anapomwambia simama, lazima gari lisimame kabla ya mstari. Zamu yetu ikafika. Mkaguzi akawasha taa, akapiga honi, akatikisa usukani, akatikisa kichwa kukubali. Akainama chini. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, mkononi ana kijipande cha mpira wa matope chenye alama za meno, kilichokuwa kimebaki kwenye skrubu.

"Hiki kimefanywa na nini?"

Ningekuwa mimi ningesema mbwa, au mawe, au mtoto. Mume wangu akasema, "Fisi."

"Na breki?"

"Walikula pia. Nimeweka mipya."

Madereva waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Mmoja akauliza kama fisi walikula na gia. Mkaguzi hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, na sidhani alitaka kumuumiza, "Mzee, breki zilizoliwa na fisi, zikatengenezewa uani kwako, mimi sipandi. Nina watoto. Lete spana, nitoe namba."

Mume wangu akageukia sanduku la vifaa.  Mtu aliyekataa tairi za kuazimwa, aliyenunua kila msumari wa lile gari, alikuwa anaelekea kutoa spana mwenyewe, kwa adabu, kwa sababu ameambiwa. Damu ilinipanda. Nilijua ile pedali, niliisikia kwa mguu wangu. Sikumwambia mtu kitu. Nikaanza kuteremka mteremko, kanga yangu inapepea, mpaka nikafika kwenye mstari mweupe, nikausimamia katikati na kugeuka uso juu.

"Mama!" mkaguzi akaita. "Toka hapo!"

"Bwana mkaguzi," nikamwambia, "wewe una watoto, mimi pia ninao. Breki hizi nimezikanyaga mimi. Mwambie huyo dereva ateremke nalo."

Kicheko kilikwisha uwanjani. Nilimwona mume wangu amesimama kando ya mlango wa lori, hasogei. Nilidhani atakataa. Nilitamani akatae, nitasema ukweli, kwa sababu lori lile kutoka chini lilikuwa kubwa kuliko msikiti. Kisha akapanda. Nikasikia injini. Likaanza kuja, likaongeza mwendo, na mimi nikaanza kusoma kila nilichokijua kusoma. Katikati ya mteremko likashika, likasimama, vumbi likapita mbele yake. Akaliachia. Likaja tena, likashika tena. Akaliachia mara nyingine, na hiyo ya mwisho alikuja kwa mwendo wa kweli, na breki zikalishika na kulisimamisha, pua yake mbali na mimi, ningeweza kutandika mkeka katikati.

Mkaguzi aliteremka kwa miguu, akafungua mlango wa upande wa abiria, akapanda. Walikwenda juu, wakaja tena pamoja. Kisha akabandika stika kwenye kioo, akaisugua kwa kiganja mpaka pembe zote zikashika, na akamwambia mume wangu, "Mwaka ujao mwache nyumbani." Alimaanisha mimi.

Tuliondoka. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nilikuwa nimeshayapanga: nani aliyeokoa nani, nyumba ya mawe itaanza lini. Yeye aliendesha mpaka tukapita mashamba ya ngano, pale barabara inapoanza kuteremkia kwetu na joto linaanza kuingia dirishani. Akaegesha kando. Akazima injini.

"Usinifanyie tena vile," akasema.

"Kwani hazikushika?"

"Zilishika." Akanigeukia. "Lakini sikujua kama zitashika. Nilipoanza kuteremka nilikuwa nimeshaamua kuupinda usukani. Zingekataa, ningeingia ukutani."

Nilikumbuka ule ukuta, mawe yake makubwa, na mteremko ulivyokuwa. Lori lingekwisha pale pale. Na yeye ndiye aliyekuwa mbele.

 Nililia, nikajifuta kwa kanga, nikalia tena. Yeye akawasha gari, na tukateremka hadi Isiolo, akikanyaga breki kwenye kila kona ingawa hapakuwa na haja. Sikusema neno hata moja njia nzima. Mjini, kwa miaka mingi baadaye, hiyo habari ya siku niliyonyamaza ndiyo aliyopenda kuwasimulia watu kuliko habari za stika.